Uwanja Mmoja, Rika Zote: Mwongozo Kamili wa Kuendesha Michezo na Burudani za Jamii Zinazomfikia Kila Mtu

Kuandika "wote mnakaribishwa" kwenye tangazo hakumfikishi mtu uwanjani. Anayefika ni yule aliyeweza kupata nauli, kupanda ngazi, kusikia filimbi, kuelewa sheria za mchezo na kukaa hapo bila kukodolewa macho. Wengine hubaki nyumbani, na kwa kuwa hawapo, hakuna anayewasikia wakilalamika. Ndiyo maana programu nyingi za burudani za jamii hujiona zimemfungulia kila mtu mlango, ilhali wiki baada ya wiki huwahudumia watu walewale.

Mwongozo huu ni wa kamati za mitaa, walimu, vikundi vya kujitolea, wafadhili wadogo na yeyote anayetaka kuanzisha programu ya michezo na burudani au kuinua iliyopo. Msimamo wangu ni mmoja, na hatua zote zinausimamia: panga kwa kuanzia na yule ambaye kufika kwake ni kugumu zaidi. Ukimtanguliza anayetumia kiti cha magurudumu, mzee mwenye magoti mabovu na mtoto anayeogopa kelele, waliobaki watapata nafasi bila tabu. Ukianza na walio wepesi, hao wengine utakuja kuwapachika baadaye kwa gharama kubwa, nao watajua kwamba wamepachikwa.

Na lisichukuliwe kuwa jambo la hisani. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inautambua mchezo na mapumziko kuwa haki ya mtoto. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 inazungumzia burudani na michezo kwa jina, pamoja na haki ya kuvifikia viwanja vyenyewe. Zikariri ibara hizi mbili. Utazihitaji siku utakapoomba ruhusa ya kutumia ukumbi na kuambiwa kwamba watu wenye ulemavu "watatafutiwa siku yao".

Takwimu moja ya kubeba kichwani: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, yaani mtu mmoja katika kila sita, wana ulemavu mkubwa. Uwanja wenye watu sitini ambao hauna hata mmoja wao una kizuizi mahali fulani, hata kama waandaaji hawakioni.

Hatua ya 1: Watafute wasiokuwepo

Kabla ya kununua mpira, chukua daftari uandike makundi ya watu wanaoishi karibu na uwanja, ndani ya mwendo wa dakika ishirini hivi. Watoto wadogo, wasichana, wazazi wenye watoto wachanga, wazee, wanaotumia viti vya magurudumu au magongo, wasioona, viziwi, wenye ulemavu wa akili, wenye usonji, wanaouguza wagonjwa nyumbani. Mbele ya kila kundi andika jina la mtu unayemfahamu. Kundi litakalobaki bila jina ndilo la kwanza kutembelewa.

Usiwakisie, waulize. Maswali matatu yanatosha kwa kuanzia: ungependa kufanya nini, nini kinakuzuia sasa, na saa ngapi inakufaa? Waulize wenyewe, si jamaa zao tu. Mzazi wa mtoto mwenye ulemavu mara nyingi hujibu kwa hofu, mtoto hujibu kwa hamu ya kucheza, na programu inayosikiliza hofu peke yake huishia kumkalisha mtoto pembeni akiwatazama wenzake. Kwa asiyetumia maneno, tumia picha za michezo mbalimbali au mpe vifaa avishike, uone anachokirudia.

Vyama vya watu wenye ulemavu, shule zenye vitengo maalumu, kliniki za tiba ya viungo na nyumba za ibada huwajua watu usiowaona barabarani. Pitia huko. Kisha wawili au watatu kati ya uliowapata waingie kwenye kamati, wakiwa na sauti juu ya saa, mahali na pesa. Kuwaita kwenye kikao cha mwisho ili waubariki mpango uliokwisha kupangwa ni kuwapotezea muda, na wengi wao wameshapotezewa muda wa kutosha.

Hatua ya 2: Itembeeni njia pamoja

Programu huanzia mlangoni kwa mshiriki. Tafuta mtu anayetumia kiti cha magurudumu, mwingine asiyeona au mwenye uoni hafifu, na mzee mmoja, mwende pamoja kutoka nyumbani kwao hadi uwanjani na kurudi. Fanyeni hivyo saa ileile ya kipindi, maana njia ya mchana si njia ya jioni: magari ni mengine, mwanga ni mwingine, na wasichana hawapiti pale wanapopita wavulana.

Andika kila mnapokwama. Mtaro usiofunikwa, kokoto, kivuko ambacho magari hayapungui, dereva anayekataa kubeba kiti, geti kuu lililofungwa na kilango cha pembeni chenye kizingiti. Utashangaa ni mangapi hayadai pesa. Funguo za geti kuu zinaweza kuombwa. Mahali pa kukutana panaweza kupangwa ili watu waje kwa kundi. Kipindi kinaweza kuanza saa moja mapema zaidi ili wazee warudi kabla ya giza.

Kuna wakati njia haitengenezeki, basi ihamishe programu yenyewe. Ua wa nyumba za kupanga, kituo cha kulelea wazee, korido pana ya zahanati, vyote vinaweza kuwa uwanja kwa saa moja. Jiji la Bogotá, Kolombia, lilianza mwaka 1974 utaratibu wa kufunga barabara kwa magari ili watu watembee, waendeshe baiskeli na kucheza. Hadi leo, kila Jumapili na sikukuu kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana, zaidi ya kilomita 100 za barabara huwa mali ya watu. Wewe huhitaji kilomita mia. Barabara moja ya mtaa iliyo sawa na yenye lami, ikifungwa kwa kibali kwa saa mbili, ni uwanja usio na ngazi ulio mlangoni mwa watu.

Hatua ya 3: Pima mahali kwa tepu

Neno "panafaa" halina maana hadi papimwe. Vipimo vifuatavyo ndivyo vya kushika:

- Njia ya mteremko: kwa kila sentimita 1 ya kwenda juu, weka angalau sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 kinadai mteremko wa mita 1.8. Ule ubao mfupi unaoegeshwa kwenye ngazi mbili ni hatari, hasa wakati wa kushuka.
- Upana wa njia: angalau sentimita 90, bila mitungi ya maua wala pikipiki iliyoegeshwa.
- Mlango ukiwa wazi: angalau sentimita 80 za kupita.
- Nafasi ya kugeuza kiti cha magurudumu: duara lenye upana wa sentimita 150. Funga chaki kwenye kamba ya sentimita 75, shikilia ncha moja, zungusha. Duara lisipoenea, mtu hawezi kugeuka.

Choo kinataka neno la ziada, kwa sababu ndicho kinachowafukuza watu kimyakimya. Mtu asiye na uhakika wa choo hujinyima maji tangu asubuhi, kisha anafanya mazoezi akiwa na kiu. Au haji kabisa. Kagua kama mlango unafunguka kwa nje, kama kuna cha kushikia ukutani kinachohimili uzito wa mtu mzima, kama sakafu inateleza, na kama sabuni iko mahali anapoweza kuifikia aliyeketi. Choo cha uwanja kisipofaa, zungumza na shule, duka au nyumba ya jirani. Mkikubaliana, waeleze washiriki mapema kilipo na ni mita ngapi kutoka uwanjani.

Viti vya kupumzikia viwe na mgongo na mikono. Mzee huinuka kwa kusukuma mikono ya kiti, na benchi tupu humfanya aogope kukaa. Weka kivuli na maji. Wenye jeraha la juu la uti wa mgongo wengi hawatoki jasho ipasavyo chini ya sehemu ya jeraha, hivyo joto huwazidi haraka kuliko wenzao. Tenga pia kona tulivu, mbali na spika, ambako mtu aliyelemewa na kelele anaweza kukaa dakika kumi na kurudi mchezoni bila kuulizwa maswali.

Hatua ya 4: Urekebishe mchezo, mtu muache kama alivyo

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mchezo wowote unaweza kurekebishwa kwa kuuliza maswali manne. Nafasi: je, uwanja upunguzwe, upanuliwe, au ugawanywe? Kazi: je, sheria irahisishwe, mtu aruhusiwe mpira kudunda mara mbili, muda uongezwe? Vifaa: je, mpira uwe mkubwa zaidi, mwepesi zaidi, wenye rangi kali au wenye sauti? Watu: je, timu zipangwe vingine, wawili wacheze nafasi ya mmoja, mmoja awe na mwelekezi?

Badilisha kimoja kwa wakati na utazame. Ukibadilisha vyote kwa pamoja, mchezo hupoteza ladha na hutajua kipi kilisaidia. Lengo ni ushindani wa haki, wala si kumwachia mtu ashinde. Watoto hutambua mara moja wanapoachiwa, na wazee pia.

Chukua bochia, mchezo uliomo kwenye Paralimpiki, mashindano ya dunia ya wanamichezo wenye ulemavu, tangu mwaka 1984, ambao mimi ningeuweka wa kwanza katika programu yoyote ya rika zote. Mpira mmoja mweupe hutupwa mbele. Upande mmoja una mipira sita myekundu na mwingine sita ya bluu, na kila upande hujitahidi kuisogeza mipira yake karibu zaidi na ule mweupe. Basi. Mtoto wa miaka sita anaelewa kwa dakika mbili, na mtu mzima anaweza kuucheza miaka kumi akiwa bado anajifunza. Wote huketi, kwa hiyo kiti cha magurudumu hakimpunguzii mtu chochote.

Mipira rasmi ina bei, lakini ya kuanzia inashonwa nyumbani. Chukua soksi nene, ijaze mchanga mkavu uliochekechwa hadi itoshe kiganjani, ifunge, ikunje juu yake yenyewe na kuishona kwa uzi imara. Mpira uwe na uzito wa kama gramu 275, na usiwe mgumu sana: mpira uliokazwa huviringika mbali, uliolegea hutua na kukaa, na kila mchezaji ana anachokipenda. Paka rangi au fungia kitambaa. Asiyeweza kutupa kwa mkono atahitaji mteremko wa kuviringishia. Bomba la plastiki lililopasuliwa katikati kwa urefu na kuegeshwa kwenye kiti hufanya kazi hiyo. Msaidizi huligeuza bomba kulia au kushoto, hulipandisha au kulishusha, kwa kufuata maelekezo ya mchezaji, akiwa ameupa uwanja mgongo. Asitazame. Akitazama, ataanza kulenga yeye, na mchezo utakuwa umehamia mikononi mwake. Kwa asiyeona, mtu apige makofi pale ulipo mpira mweupe, kisha anyamaze. Uwanja rasmi ni mita 12.5 kwa 6, lakini kwa wanaoanza nusu yake inatosha.

Ukitaka mchezo wenye kasi zaidi, jaribu voliboli ya kuketi, iliyoanzia Uholanzi mwaka 1956. Uwanja ni mita 10 kwa 6, wavu ni sentimita 115 kwa wanaume na 105 kwa wanawake, na sheria kubwa ni kwamba makalio yasiachane na sakafu wakati wa kupiga mpira. Aliyezoea kuruka hujikuta anafundishwa na mtu aliyezoea kusogea kwa mikono, na hapo ndipo heshima huanza kugawanywa upya. Goliboli nao ulibuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya wanajeshi waliopofuka vitani. Wachezaji watatu kila upande, wote wamefungwa vitambaa machoni, mpira una kengele ndani, na watazamaji hukaa kimya kabisa. Huna mpira wa kengele? Uingize mpira wa kawaida kwenye mfuko wa plastiki na uufunge. Utasikika ukija.

Kwa wazee na wanaorejea michezoni baada ya ugonjwa, kuna soka la kutembea, lililoanza Chesterfield, Uingereza, mwaka 2011. Anayekimbia anapigiwa filimbi, na kugongana kumepungua sana. Kutembea kwa kundi, dansi ya kuketi, kuogelea, kuimba, bustani ya pamoja, drafti na chesi vyote vina haki ya kuwemo. Burudani si jasho peke yake, na wapo wanaoitaka programu kwa ajili ya kupata mtu wa kuzungumza naye.

Kuhusu kipimo cha mazoezi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza wastani wa dakika 60 kila siku kwa wa miaka 5 hadi 17, na dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani kwa watu wazima, wakiwemo wenye ulemavu. Waliofika miaka 65 waongeze mazoezi ya nguvu na ya kuusawazisha mwili siku tatu au zaidi kwa wiki ili wasianguke. Njia nyepesi ya kujua kama mtu yuko kwenye kiwango cha wastani: anaweza kuzungumza, hawezi kuimba. Na asiyefikisha dakika hizo asikatishwe tamaa, kwa sababu kidogo kina faida kuliko kutofanya kabisa.

Je, rika zote zicheze pamoja muda wote? Sidhani. Babu na mjukuu hufurahia bochia pamoja, lakini kijana wa miaka kumi na sita anataka pia saa yake ya kukimbia na wenzake, na mzee anataka mahali ambapo hagongwi na mpira. Panga kipindi ili kianze pamoja, kigawanyike katikati, kisha kikutane tena mwishoni. Dakika ishirini za mwisho za mchezo wa pamoja ndizo watu watakazozisimulia nyumbani.

Hatua ya 5: Waandae wasaidizi, na uwalinde washiriki

Nusu siku ya mafunzo kabla ya kipindi cha kwanza itakuokoa na aibu nyingi. Wasaidizi wafundishwe kwa vitendo, si kwa hotuba. Asiyeona anashika kiwiko chako, wewe humvuti mkono wala humsukumi mgongoni. Unamtajia ngazi kabla hajaifikia, na kusema kama inapanda au inashuka. Kiti cha magurudumu ni sehemu ya mwili wa mwenyewe, kwa hiyo huegemei, husukumi, huhamishi kabla ya kuuliza. Kiziwi anaangaliwa usoni unapozungumza naye hata kama mkalimani yuko pembeni, na mkalimani wa lugha ya alama asisimame akiwa amelipa jua mgongo. Badala ya filimbi pekee, tumia bendera au mkono ulioinuliwa. Mwenye ulemavu wa akili apewe maelekezo mafupi, moja baada ya jingine, kwa kuonyeshwa, na mtu mzima azungumzwe naye kama mtu mzima.

Kila mshiriki awe na fomu fupi ya afya: nani wa kupigiwa simu, dawa anazotumia, nini cha kuepuka. Baadhi ya mambo lazima msimamizi ayajue. Mwenye kifafa akianguka, ondoa vitu vya hatari karibu naye, linda kichwa chake, mgeuze ubavu, usimtie chochote mdomoni, na tazama saa. Degedege likipita dakika tano, piga simu ya dharura. Baadhi ya watu wenye Down syndrome (hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri ukuaji wa mwili na akili) wana ulegevu kwenye maungio ya shingo, kwa hiyo kubiringita kwa kichwa na mazoezi ya kuilemea shingo yasubiri neno la daktari. Anayeketi muda mrefu kwenye kiti cha magurudumu bila hisia kwenye makalio anahitaji kujiinua au kuegemea upande mara kwa mara, ili asipate vidonda. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida kunasimamisha mchezo papo hapo, bila mjadala.

Ulinzi wa watoto na watu wazima wanaohitaji msaada hauna mzaha. Watu wazima wawili wawepo kila wakati. Hakuna msaidizi anayebaki peke yake na mtoto, garini wala chooni. Msaada wa chooni au wa kubadili nguo hukubaliwa mapema na mshiriki mwenyewe au mzazi, na huandikwa nani anautoa. Picha hazipigwi wala kusambazwa bila ruhusa ya maandishi, na ruhusa hiyo inaweza kuondolewa wakati wowote. Wasaidizi wapya watoe watu wawili wa kuwadhamini, na mamlaka za mahali zikiwa na utaratibu wa kukagua rekodi za uhalifu, utumike. Kila mshiriki ajue mtu wa kumwendea akiwa na malalamiko, na mtu huyo asiwe kocha wake.

Hatua ya 6: Tangazo liseme ukweli

Tangazo zuri linajibu maswali ambayo mtu mwenye mashaka huona haya kuyauliza. Je, kuna ngazi? Choo kikoje? Msaidizi wangu atalipa? Naruhusiwa kuja kutazama tu? Liwe na maandishi makubwa, maneno mepesi na picha ya lango la kuingilia. Litume pia kwa ujumbe wa sauti kwa wasiosoma na wasioona, na kwa video ya lugha ya alama kwa viziwi. Kama kuna kasoro bado haijarekebishwa, itaje. Mtu akiambiwa mapema kwamba choo kiko mita mia moja atajipanga, lakini akigundua mwenyewe hatarudi.

Hatua ya 7: Pesa

Tenganisha gharama za mara moja na zile za kila wiki. Mteremko, mipira na mikeka ni za mara moja, na wafadhili huzipenda kwa kuwa zinapigwa picha. Nauli, maji, mkalimani, bima na posho ya kocha ni za kila wiki, nazo ndizo zinazoua programu. Kwa hiyo ukienda kuomba, anza na hizi. Mwambie mfadhili gharama ya kumfikisha mtu mmoja uwanjani kwa mwezi na umwombe achukue idadi fulani ya watu kwa mwaka mzima. Ahadi ndogo ya mwaka ina faida kuliko hundi kubwa ya siku ya uzinduzi.

Ada ikiwepo, iwe ya hiari au kwa ngazi, na ilipwe kwa njia isiyomtangaza asiyeweza. Bahasha au malipo ya simu, kamwe si orodha ya wadaiwa iliyobandikwa ukutani. Msaidizi anayeambatana na mshiriki asilipishwe. Vitu vingi pia hupatikana bila fedha: shule ina ukumbi unaolala wazi jioni, fundi ana saa mbili za kuchomelea reli ya kushikia, wanafunzi wa tiba ya viungo wanatafuta mahali pa kujifunzia, na timu ya vijana ina mipira iliyoacha kutumika. Omba kitu mahususi na useme tarehe. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya washiriki kila baada ya miezi mitatu, risiti zikiwepo.

Hatua ya 8: Anza kidogo, usikatize

Kipindi kimoja kwa wiki, siku ileile, saa ileile, mahali palepale. Mtu mwenye usonji hutegemea uthabiti huo, mzee hupanga dawa zake kwa kuufuata, na anayemtegemea msaidizi humwomba msaidizi wake mapema. Ukihamisha saa mara mbili, unapoteza kwanza wale uliowatafuta kwa shida zaidi.

Tazama parkrun, ambayo ilianza mwaka 2004 katika bustani ya Bushy Park, London, ikiwa na wakimbiaji 13 na sasa iko katika nchi nyingi. Kila Jumamosi, kilomita 5, bila malipo, ikiendeshwa na watu wa kujitolea. Kutembea kunaruhusiwa na hakuna anayefungiwa muda. Kitu kimoja wanachokifanya ningependa kila programu ikiige: yupo mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kuja nyuma ya wote, ili asiwepo mshiriki anayemaliza wa mwisho. Nafasi hiyo haigharimu chochote, na kwa mtu aliyekuwa anaogopa kuchekwa ndiyo inayoamua kama atakuja.

Siku ya kwanza mpokee kila mtu langoni kwa jina lake. Mwonyeshe choo, maji, kona tulivu na mahali pa kukaa kabla ya kumwonyesha mchezo. Bandika ratiba ya kipindi kwa picha ili kila mtu ajue kinachofuata. Watakaotaka kutazama tu waachwe watazame. Wengine huhitaji wiki tatu za kutazama kabla ya kushika mpira, na kuwasukuma kunaziongeza hizo wiki.

Hatua ya 9: Fuatilia waliorudi na walioacha

Idadi ya waliohudhuria haikuelezi mengi. Inayoeleza ni idadi ya waliorudi mara ya nne, kwa kila kundi ulilotaja katika hatua ya kwanza. Daftari la mahudhurio liwe na safu hizo. Ukiona wasichana wanakuja mara mbili na kupotea, au viziwi wote wameacha ndani ya mwezi mmoja, kuna jambo limetokea na utalijua kwa kuuliza tu.

Aliyekosa vipindi viwili apigiwe simu, na asiyesikia atumiwe ujumbe. Si kumsuta, bali kujua kama ni mgonjwa, kama msaidizi wake amehama, kama kuna mtu alimwambia neno baya. Majibu yaandikwe na yaletwe kwenye kikao, na kikao kiamue kitu kimoja cha kurekebisha kabla ya kikao kinachofuata, chenye jina la mhusika na tarehe. Kila baada ya miezi sita rudieni ule mwendo wa hatua ya pili, kwa sababu barabara huchimbwa, mageti hubadilishwa na watu huzeeka.

Mapema kabisa, anza kuwafundisha washiriki kuongoza. Kijana anayetumia kiti cha magurudumu awe mwamuzi, mama mzee aongoze mazoezi ya kupasha mwili, asiyeona asimamie goliboli. Na ili programu isikwame siku mratibu anapougua au kuhama, nakala za daftari la washiriki, funguo za stoo na namba za simu za dharura zikae kwa watu wawili wanaoishi nyumba tofauti.